Mfalme Aliyetazama Kushoto

Chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo majengo mengine huweka mafagio na ndoo, palikuwa na chumba cha mchonga mihuri. Kilitosha meza moja, kiti kimoja na mteja mmoja asiye mnene. Mwenye chumba aliitwa Kinyume, na alikuwa ameliitikia jina hilo miaka mingi hata lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Jina lilitokana na kazi. Muhuri huchongwa herufi zikiwa zimegeuka, ili ukigongwa kwenye karatasi zisomeke sawa, na mtu akigeuza herufi kwa miaka arobaini, jicho nalo hugeuka likamfuata. Kinyume aliweza kusoma mpira wa muhuri haraka kuliko wewe unavyosoma bango la dukani, lakini gazeti alilisoma polepole, midomo ikimchezacheza. Mkewe alipenda kuwaambia wageni kwamba hata barua ya posa mume wake aliianzia mwisho.

Tena hakuwa mtu wa kutulia. Alichonga herufi tatu akainuka kuchungulia nje, akachonga tatu nyingine akainuka kuhakikisha kwamba alichokiona bado kipo. Goti lake la kulia lilitikisika chini ya meza kutwa nzima, na wateja wapya walidhani kuna mashine inanguruma huko chini. Uhangaikaji huo aliurithi kwa mama yake, lakini mama alikuwa na cha kumtuliza. Alivaa shingoni sarafu kubwa ya kizungu iliyotobolewa tundu, na kila akiwa na wasiwasi aliisugua kwa kidole gumba. Aliisugua hata uso uliochorwa juu yake ukabaki kivuli. Watoto wakimuuliza leo kuna chakula gani, aliishika na kusema, "Ngojeni nimuulize mfalme."

Jumanne moja asubuhi, Kinyume akiwa katikati ya muhuri wa chama cha wauza magodoro, mlango ulifunguliwa akaingia binti wa kaka yake. Alikuwa amekutana naye mara chache tu, barabarani na misibani, tena kwa salamu za haraka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Kinyume akasimama, akakaa, akasimama tena. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Baba amelazwa. Wamemkuta na uvimbe tumboni, Ijumaa saa tatu asubuhi anapasuliwa."

Goti la Kinyume likaacha kutikisika. Binti alitoa leso mkobani, akaifungua juu ya meza kati ya visu na vipande vya mpira. Ndani yake ilikuwamo ile sarafu.

"Amenituma nikuletee, na amesema nikwambie neno kwa neno." Binti aliinua macho darini kama mwanafunzi anayetoa shairi kwa moyo. "'Ulisema hii si ya mama. Umelishikilia neno hilo mpaka mimi mwenyewe siku nyingine najitilia shaka. Wewe ndiye unayesoma vilivyofutika. Basi isome, uniambie ni sarafu gani na ni ya nani. Nataka kujua kabla sijapasuliwa.' Ndiyo hayo. Nikuage, baba mdogo, nawahi kumpelekea uji."

Akaondoka, na Kinyume akabaki na leso.

Sasa, ili umwelewe mtu huyu na usimhukumu mapema kama alivyomhukumu mwenzake, lazima turudi nyuma miaka kumi na tisa. Mama yao alifia nyumbani kwa kaka mtu, ambaye ni seremala na ndiye aliyemuuguza. Siku ya tatu ya msiba, ukumbi umejaa ndugu na majirani, seremala alimwita mdogo wake mbele ya watu, akaitoa sarafu na kusema, "Wewe ndiye kitinda mimba. Shika." Kinyume akaipokea, akaitazama, na uso ukambadilika. Mfalme aliyekuwa pale alitazama kulia.

"Hii siyo," alisema. "Mfalme wa mama alitazama kushoto. Umeibadilisha."

Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Lakini alipofungua mdomo hakuufunga. Alisema ile halisi imeuzwa, na kwamba ndiyo maana mwezi uliopita seremala alinunua mashine ya kuranda mbao, wakati kila mtu alikuwa anajua hali yake. Alisema hata ule mkwaruzo kwenye shavu la mfalme, uliotoka puani hadi sikioni, umekwaruzwa makusudi ili kupumbaza watu. Alilitamka neno mwizi mara mbili. Kaka yake aliichukua sarafu kutoka mkononi mwake, akaitia mfukoni, akaenda kuwagawia wageni chai. Tangu siku hiyo hawakuwahi kusemezana, na wale wanaosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walilima wakavuna wakalima tena, na ndugu hawajapatana.

Kinyume hakuwa amebuni. Ushahidi alikuwa nao, na huo ndio uliomfanya awe mkaidi. Alipokuwa mwanagenzi, kazi ya kwanza aliyoichonga kwa mkono wake ilikuwa uso wa sarafu ya mama. Aliigandamiza sarafu kwenye kipande cha sabuni, akauchonga mpira kwa kufuata alama iliyobaki, pamoja na mkwaruzo wake, tundu lake na pengo la ukingoni ambako mama alifungulia makopo. Mwalimu wake akamsifu. Mpira ule aliutunza ndani ya kopo la rangi ya viatu kama mtu anavyotunza jino la mwanawe la kwanza, na hakuutia wino hata siku moja, asije akauchafua. Kila alipoutazama, mfalme alitazama kushoto. Sasa aambiwe nini?

Kwa hiyo Jumanne ile hakuishika sarafu ili kumjibu mgonjwa. Aliishika ili ashinde kesi. Kama angeweza kulipata jina lake, aina yake na nchi yake, basi ingejulikana kabisa kwamba ni kitu kingine, kilichookotwa sokoni kuziba pengo. Wauza magodoro wakasahauliwa. Alifunga mlango, akavuka barabara kwenda kwa sonara.

Sonara alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo lililojipumzisha juu ya meza yake ya vioo. Aliiweka sarafu kwenye mizani ndogo, akangoja sindano itulie, wakati Kinyume anahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Gramu ishirini na sita na ushee," alisema sonara. "Ilikuwa nzito zaidi kabla haijatobolewa na kusuguliwa. Ni fedha. Ya Ulaya, ya zamani sana. Nikuyeyushie upate bangili?"

"Usiyeyushe kitu. Niambie ni mfalme gani."

Sonara akaweka lenzi jichoni, akaigeuzageuza sarafu ili mwanga wa dirisha uipite kwa ubavu. Kisha akacheka hadi meza ikatikisika.

"Mfalme gani anajifunga ushungi? Tazama hapa, nguo imeshuka kutoka kichwani mpaka begani. Na hapa, samahani zako, ni kifua cha mama mtu mzima. Huyu ni mwanamke, bwana."

Kinyume alihisi furaha imempanda mpaka masikioni. Mama yao siku zote alisema mfalme, na hapa pana mwanamke. Alitaka kumkumbatia sonara, lile tumbo lisingekuwa kikwazo.

"Ukitaka jina lake usihangaike na uso," sonara aliongeza akimrudishia. "Uso hufutika kwa vidole vya watu. Soma ukingoni. Kuna sarafu zina maneno pembeni, na huko watu hawasugui."

Jioni alimkuta mkewe sebuleni anachambua mchele kwenye sinia. Hakukaa. Alilitoa kopo la rangi ya viatu kabatini, akaweka sarafu na mpira bega kwa bega juu ya meza, akaanza kuizunguka meza yenyewe.

"Kwanza ni mwanamke, si mfalme. Pili, huyu anatazama kulia, na huyu wa mama anatazama kushoto. Nilisema nini miaka yote hii? Nilisema nini?"

Mkewe aliangalia, mkono bado ndani ya mchele. "Huyo wa mpira naye ana ushungi."

"Ni nywele."

"Haya, nywele. Mbona wanafanana hivyo? Kama mapacha waliokosana."

"Amefananisha. Ndiyo kazi ya mtu anayebadilisha kitu."

"Shemeji yangu ni seremala, mume wangu. Hata kitanda chetu alipokitengeneza mguu mmoja ulikuwa mfupi. Leo amekuwa bingwa wa kughushi nyuso za wazungu?" Akachagua jiwe, akalitupa dirishani. "Mtu anapasuliwa Ijumaa, wewe unafurahi. Kama hukumu umeshaikata, unaipeleka sarafu mahakamani ya nini?"

"Natafuta ukweli."

"Unatafuta ushahidi. Nyani haoni kundule."

Kinyume akatoka nje kwa hasira, akaenda mpaka kona, akarudi, akaenda tena. Kilichomuudhi si ile methali. Kilichomuudhi ni kwamba ile furaha ya kwa sonara, alipoitafuta sasa kifuani, hakuikuta. Mahali pake palikuwa na picha ya kaka yake, kijana wa miaka kumi na mitatu, amembeba yeye mgongoni kuvuka barabara iliyofurika maji ya mvua, viatu vya wote wawili vikining'inia shingoni. Aliifukuza ile picha, ikaondoka kidogo tu, ikarudi.

Jumatano hakuchonga chochote. Alilaza karatasi nyembamba juu ya mgongo wa sarafu na kuipitisha penseli kwa ubapa, polepole, mpaka pakatokea ndege aliyetanua mabawa, mwili mmoja na vichwa viwili, kila kichwa kimempa mwenzake kisogo. Aliizungusha karatasi huku na huku. Ndege huyo, uanzie kushoto uanzie kulia, alikuwa yuleyule, kwa hiyo hakumsaidia kitu. Herufi zilizomzunguka zilikuwa zimelika kabisa. Akabadilisha taa, akabadilisha lenzi, akaenda kunywa maji ambayo hakuyahitaji.

Ndipo alipokumbuka ukingo. Aliuchunguza, akaona kweli kuna vinundu vilivyoinuka, vidogo mno kwa jicho lakini si kwa wino. Akafanya analolijua. Aliisimamisha sarafu wima kama gurudumu, akaibingirisha juu ya pedi ya wino, kisha akaibingirisha kwenye utepe wa karatasi kwa mkono ambao, kwa kazi tu, haukutetemeka. Herufi zikatoka moja baada ya nyingine. Pale palipokuwa na pengo la makopo pakatoka weupe, na sehemu nyingine wino ulijaa ukavuruga, lakini vipande viwili vilisomeka bila taabu yoyote. TITIA, kisha nafasi, kisha CLEM. Alivisoma mara moja tu na kuviamini.

Alhamisi milango ya maktaba ilipofunguliwa, yeye alikuwa ameshasimama hapo nusu saa. Mkutubi alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo, aliyenong'ona miaka mingi kiasi kwamba hata kugomba aligomba kwa kunong'ona.

"Mzee, kaa. Unawasumbua wasomaji."

"Hakuna wasomaji bado, mama."

"Unanisumbua mimi. Kaa."

Akakaa nusu kiti. Mkutubi alileta kitabu kinene cha sarafu za kale, akakifungua kwenye meza na kumuuliza ina ukubwa gani, ina uzito gani, nyuma ina nini. Aliposikia ndege wa vichwa viwili alilamba kidole na kupindua kurasa nyingi kwa mpigo, kama mtu aliyekuwa akiijua njia. Kisha akakigeuzia kitabu upande wa Kinyume. Alikuwapo pale yule mwanamke, mpya, hajasuguliwa na mtu. Alikuwa na ushungi, kifungo cha lulu begani, na uso wa mtu asiyependa kubishiwa.

"Malkia wa Austria," mkutubi alinong'ona, kidole kikifuata mistari. "Maria Theresa. Watu wa zamani hapa na pale waliziita reale. Zimeandikwa mwaka elfu moja mia saba na themanini, ndio mwaka aliokufa. Lakini kinasema hapa ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, katika miji mingi, na mwaka haukubadilishwa. Kwa hiyo yako inaweza kuwa ya juzijuzi kuliko sura yake."

"Yuko anayetazama kushoto?"

"Wapi?"

"Popote. Sarafu kama hii, ndege kama huyu, lakini uso unatazama kushoto."

Mkutubi alisoma, akapindua, akarudi. "Zote kulia, mzee. Hakuna ya kushoto."

Goti likaanza. Kama hakuna ya kushoto, mama alivaa nini? Kinyume alihisi kitu kinamponyoka, lakini hakujua ni kipi, basi akashika kilichokuwa karibu. Alitoa utepe wake wa karatasi mfukoni.

"Labda si hii basi. Ukingoni yangu ina maneno. Nimeyatoa mwenyewe kwa wino."

"Hii nayo ina maneno. Ya Kilatini. IUSTITIA ET CLEMENTIA. Maana yake haki na huruma." Akaupokea utepe, akavaa miwani vizuri, akakunja uso. Akauinua kwenye mwanga. "Umeandika lugha gani hapa?"

"Si umeisoma sasa hivi? Hiyo TITIA, na hiyo CLEM. Ni hayohayo maneno."

"Mimi sioni CLEM yoyote. Hizi zimegeuka."

"Zimegeuka wapi, mama? Zimesimama sawasawa."

"Mzee." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda juu ya mnong'ono. Alifungua mkoba, akatoa kioo kidogo cha kujitazamia, akakiweka karibu na utepe. "Angalia kwenye kioo. Hivyo ndivyo watu wanavyosoma. Kwenye karatasi yako zimepinduka zote, kama kwenye muhuri."

Kama kwenye muhuri. Kinyume aliutazama utepe, akakitazama kioo, akautazama tena utepe. Alilazimika kuitafuta tofauti, kuifuata herufi kwa herufi kwa ukucha kama mtoto wa darasa la kwanza, ndipo akaiona. Ni kweli zilikuwa zimepinduka. Sarafu imebingirishwa kwenye karatasi, lazima zipinduke, mwanagenzi wa wiki moja anajua. Yeye, fundi wa miaka arobaini, alizisoma bila kugundua, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limeacha zamani kumwambia kipi kimegeuka na kipi kimesimama. Mganga hajigangi.

Hakuaga. Mkutubi alisimulia baadaye kwamba alimwona mzee mzima anakimbia kwenye ngazi za maktaba, na sarafu yenyewe ameisahau mezani, ikabidi amfuate mpaka barabarani akinong'ona "Mzee, mzee," na ni ajabu kwamba alisikia.

Kwenye chumba chake chini ya ngazi alifunga mlango kwa ndani. Kopo la rangi ya viatu alikuwa amelichukua asubuhi, akiwa bado na wazo la kumwonyesha mkutubi ushahidi. Aliutoa mpira. Mwanamke wa mpira alitazama kushoto, mkwaruzo wake shavuni, tundu lake juu ya paji. Aliuchonga kwa jicho la mwanagenzi, alipokuwa bado anajua kwamba mpira huchongwa kinyume ili karatasi isome sawa, na akaja kuusoma kwa jicho la fundi. Akaugandamiza kwenye pedi ya wino, mara ya kwanza tangu uzaliwe. Akaugonga kwenye karatasi safi.

Mwanamke alitazama kulia.

Aliweka sarafu kando yake. Mkwaruzo ulitoka puani hadi sikioni, hapa na hapa. Tundu hapa na hapa. Pengo la makopo, hapa na hapa. Kinyume aliketi, na goti lake halikutikisika. Aibu ilimwingia kama homa, kwa baridi kwanza. Mama alikuwa amemsugua mwanamke huyu miaka yote akimwita mfalme, na mtu aliyemuuguza mama hadi pumzi ya mwisho alikuwa ameitwa mwizi mbele ya ukumbi mzima kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho mwenyewe hakukitia wino. Angekigonga mara moja tu. Siku ileile ya msiba, angerudi nyumbani akakigonga mara moja tu.

Ungedhani alikwenda hospitali palepale. Alikwenda, ndiyo, saa ya kutazama wagonjwa, akafika hadi kwenye geti. Hapo miguu ikakataa. Alijiambia mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, akarudi kununua machungwa. Akafika tena getini, akajiambia mtu wa tumbo hali machungwa. Akampa mlinzi machungwa yote, akazunguka ukuta wa hospitali mara mbili, na alipomaliza saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imekwisha. Mlinzi alimshukuru sana. Asubuhi alikuta mkewe amelipiga pasi shati lake jeupe na kulitundika mlangoni.

Ijumaa saa mbili na nusu alikuwa wodini. Kulikuwa na vitanda sita. Kaka yake alikuwa kwenye cha dirishani, ameshavalishwa gauni la hospitali lililofungwa nyuma, mikono yake mikubwa ya useremala imelazwa juu ya shuka kama vifaa vya mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Binti yake alisimama kichwani kwake pamoja na wadogo zake wawili wa kiume, watu wazima wenye ndevu, na hao walimtazama baba yao mdogo bila kumpa salamu.

"Kaka," alisema Kinyume.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Inaitwaje?"

"Ni reale. Ya malkia wa zamani wa Ulaya. Ni mwanamke, kaka, si mfalme."

"Mama angecheka," alisema seremala. Halafu, macho yakiwa darini, "Na ni ya nani?"

Kinyume alikuwa amepanga maneno njiani, mengi, yenye mwanzo na maelezo, sabuni na mpira na kioo. Yote yakamtoka. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Ni ya mama."

"Sijasikia," alisema seremala.

"Ni ya mama. Ni ileile. Sikuisoma vizuri."

"Sasa mimi nimesikia," seremala alisema. "Lakini uliponiita mwizi hukuninong'oneza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya kulala, na alijifanya vibaya. Kinyume alinyoosha mgongo. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, na mikono yake ilikuwa na wino hadi kwenye vifundo.

"Nisikilizeni," alisema kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha sita. "Huyu ni kaka yangu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilisimama msibani kwa mama yetu nikamwita mwizi, mbele ya watu. Nilisema kabadilisha sarafu ya mama. Hakubadilisha kitu. Alikuwa ananipa mimi. Mimi ndiye niliyesoma kinyume, na nilikuwa na njia ya kujua, na sikuitazama kwa sababu ya kiburi. Wanangu, baba yenu hakuwahi kuwa mwizi. Nisameheni. Kaka, nisamehe."

Akatoa ile karatasi yenye alama ya muhuri, akaifungua juu ya shuka, na kuiweka sarafu kando ya uso wake. Seremala alitazama hiki, akatazama kile. Alinyoosha kidole kimoja kinene, akaufuata mkwaruzo kwenye karatasi, kisha kwenye fedha. Machozi yalimshuka kuelekea masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali, na hakuyapangusa. Akaifumbata sarafu.

"Mashine ya kuranda," alisema hatimaye, "nilikopa. Nilimaliza kulipa mwaka wa tano."

"Nisamehe, kaka."

Muuguzi aliingia na kitanda cha magurudumu, mchangamfu kupita kiasi, akauliza kama mzee yuko tayari na kama amevua kila kitu. "Pete, saa, meno ya bandia. Na hicho ulichofumbata, baba. Vitu vya chuma haviingii mle."

Wanawe walisogea, mmoja akinyoosha kiganja. Seremala hakumtazama. Alimtafuta mdogo wake upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono wake wenye wino, akaukunjua kwa nguvu kama anavyokunjua ubao uliopinda, na kuiweka sarafu katikati.

"Shika," alisema. "Na usije ukaibadilisha."

Wakamsukuma. Magurudumu yalilia kwenye korido hadi kwenye mlango wa mwisho, mlango ukafunguka ukajifunga. Binti alivuta benchi, wakakaa wote wanne, na kijana mwenye ndevu, yule mkubwa, alisema, "Shikamoo, baba mdogo." Kinyume aliitikia. Goti lake lilikuwa limeanza tena, benchi zima likatikisika, na hakuna aliyemwambia atulie. Macho yake yalikuwa mlangoni, na kidole gumba kilikuwa kinasugua.